Kusikia, Usikivu na Ajira: Uhakiki wa Istilahi za Uziwi kwa Mifano ya Handeni na Korogwe

Kijana mmoja wa Handeni, aliyekwisha kujifunza useremala na kuumudu vyema, alipelekwa na mjomba wake Korogwe kuombewa kazi katika karakana. Mwajiri mwenyewe sina haja ya kumtaja. Karani aliyewapokea alijaza fomu, na katika nafasi ya maelezo mengineyo akaandika neno moja tu: "Hasikii." Fomu ikapelekwa kwa msimamizi ambaye hakuwa amemwona kijana huyo. Kabla ya adhuhuri jibu lilirudi kwamba vijana wasiosikia wamekwisha kuwa wengi mno mahali pale, na kwamba anayetakiwa ni mtu mwenye adabu ya kazi. Mjomba aliponisimulia kisa hiki alicheka, nami nikacheka pamoja naye, kwani kinachekesha. Lakini kijana alirudi Handeni bila kazi, na randa yake hakupata hata kuitoa mfukoni.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno tunayoyatumia kuwaita viziwi, hasa pale maneno hayo yanapoingia katika fomu, katika tangazo la kazi na katika sheria. Sidai kwamba neno peke yake humpa mtu kazi au kumnyima. Uchache wa shule, umaskini wa wazazi na uchache wa waajiri wenyewe katika wilaya hizi mbili ni sababu kubwa zaidi. Ninalodai ni kwamba kuna mahali ambapo neno lisilofaa ndilo lifungalo mlango, na kwamba mahali hapo ni petu sisi tunaojishughulisha na istilahi.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kusikia katika Kiswahili ni neno pana mno. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na maumivu. Tena husikia kwa maana ya kutii. Mzazi asemapo kwamba mtoto wake hasikii, hakuna jirani atakayemshauri ampeleke kwa daktari wa masikio. Methali zetu zimeishika maana hii kwa nguvu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sikio la kufa halisikii dawa. Katika methali hizo asiyesikia ana masikio mazima kabisa. Alichokosa ni adabu au busara.

Sasa, ilipoanza kuonekana kwamba neno kiziwi lina ukali, waandishi na maofisa wengi walilikimbia, wakajificha nyuma ya maneno "asiyesikia" na "wasiosikia". Nia yao ilikuwa njema. Walitaka neno la adabu, wakaona kwamba kulieleza jambo kwa kitenzi kikanushi ni upole zaidi kuliko kumpa mtu jina. Lakini hawakukitazama kitenzi walichokikanusha. Kiziwi, kwa ukali wake wote, ni neno lenye maana moja: hueleza hali ya masikio. Asiyesikia ni neno lenye maana mbili, na ile ya pili ni lawama. Msimamizi wa Korogwe hakukosea Kiswahili. Alilisoma neno kama lisomwavyo na watu wengi siku nyingi za maisha yao.

Hali ni mbaya zaidi tukifika kwa wale ambao masikio yao yamepungua nguvu bila kupotewa kabisa na sauti. Hawa siku hizi huitwa "wenye usikivu hafifu". Istilahi hii imeenea katika ripoti na warsha, na bila shaka imekusudiwa kuwa ya kitaalamu. Lakini usikivu, msomaji, ni nini? Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Mwanafunzi msikivu ni yule anayetuliza akili yake kwa mwalimu. Mgeni rasmi hushukuru hadhira kwa usikivu wao. Basi mwenye usikivu hafifu, kwa sikio la Mswahili wa kawaida, ni mtu ambaye akili yake inatangatanga. Mtu huyo apewe mashine ya kupasulia mbao? Apewe lori? Istilahi iliyotungwa ili imsaidie imekwisha kumshtaki kabla hajafika kwenye usaili.

Tutarudi kwenye swali la istilahi gani ishike nafasi hiyo. Kwanza yafaa kulitetea neno kiziwi. Wanaolipinga husema kwamba limo katika ngeli ya vitu, pamoja na kipofu, kiwete na kilema, na kwamba kumweka mtu katika ngeli hiyo ni kumdunisha. Hoja hii ilisaidia kulileta neno mlemavu mahali pa kilema, kisha ikaja istilahi mtu mwenye ulemavu. Badiliko hilo la mwisho linaonekana pia ukilinganisha sheria zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza: ile ya mwaka 1982 iliwataja walemavu, na ile ya mwaka 2010 ikawataja watu wenye ulemavu. Hatua hiyo ninaiunga mkono. Lakini hoja ya ngeli haina mizizi mirefu. Kiongozi yumo katika umbo hilo hilo, na kijana, na kinyozi, na kiranja wa darasa; wala sijapata kumsikia kiongozi akilalamika. Tena upatanisho wa sarufi ni wa viumbe hai: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Lakini jambo kubwa kuliko sarufi ni kwamba wenyewe walipojiundia chama chao katika miaka ya mwanzo ya 1980 walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, na ndicho CHAVITA tukijuacho hadi leo. Walikuwa na nafasi ya kuchagua neno jingine, wakachagua hilo. Sisi tunaosikia tukilibadilisha jina ambalo mtu amejiita, tutakuwa tumemfanyia adabu gani?

Bubu ni habari nyingine. Katika miji yetu, Handeni na Korogwe zikiwamo, si ajabu mgeni kuelekezwa "kwa Bubu" akitafuta mtu wa kumshonea suruali au kumtengenezea kiti. Nimepata kuelekezwa hivyo mimi mwenyewe, na aliyenielekeza aliongeza kwa sifa kwamba fundi huyo hana maneno mengi na hachelewi. Hapo bubu limekuwa jina la biashara, na huenda fundi mwenyewe hana ugomvi nalo, maana linamletea wateja. Sina haki ya kumwondolea mtu jina la duka lake. Lakini neno hilo likitoka dukani na kuingia katika fomu ya mwajiri, kazi yake hubadilika. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Aghalabu kiziwi wa kuzaliwa ana koo zima na ulimi mzima. Hakujifunza kunena kwa sababu hakuyasikia maneno ya kuyaigiza. Na akipata wenzake, anasema: anasema kwa mikono, kwa uso na kwa kiwiliwili. Kumwita bubu ni kutamka kwamba hana lugha, na mwajiri anayeamini kwamba mtu hana lugha hataona maana ya kumtafutia mkalimani. Kosa hili lina historia ndefu. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba viziwi wafundishwe kunena kwa mdomo, na alama ziondolewe madarasani. Ilipita miaka 80 kabla ya William Stokoe, huko Marekani, kuonyesha mwaka 1960 kwamba alama za viziwi zina muundo wa lugha kamili. Hata shule yetu ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ilipewa jina la Kiingereza lililounganisha uziwi na ububu kana kwamba ni hali moja.

Sasa tuitazame sheria, kwa kuwa hapo ndipo neno hugeuka kuwa hesabu. Sheria Na. 2 ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa walemavu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ilishusha kiwango hicho hadi wafanyakazi 20, na ikapandisha sehemu yenyewe hadi asilimia 3. Ukipiga hesabu, mwajiri wa watu 100 anadaiwa watu 3, na mwajiri wa watu 20 hadaiwi hata mtu mmoja mzima mpaka ukubali kupandisha desimali. Katika Wilaya ya Handeni, ambako watu wengi huishi kwa mahindi, mifugo, machungwa na biashara ya magulio, waajiri wa kiasi hicho ni wachache: halmashauri, shule, na kampuni chache. Korogwe ina mashamba ya mkonge, nayo yana watu wengi zaidi.

Tuseme mwajiri mmoja ana nia ya kutimiza sheria. Anafungua daftari lake na kukuta safu moja tu: "ulemavu wa kusikia". Katika ofisi yake tayari yumo mhasibu wa miaka 55 ambaye sikio lake la kushoto limepungua nguvu. Mhasibu anaandikwa katika safu hiyo, hesabu inatimia, na fundi kiziwi anayetumia Lugha ya Alama anabaki barabarani kama alivyokuwa. Hakuna aliyedanganya. Istilahi moja iliyowakusanya watu wenye mahitaji mbalimbali ndiyo iliyoleta hayo. Mhasibu anahitaji kukaa mahali pasipo kelele, na pengine kifaa cha kusaidia kusikia. Fundi anahitaji mkalimani siku ya usaili, na msimamizi aliye tayari kujifunza alama chache. Viziwi wasioona wanahitaji msaada wa namna nyingine kabisa, na safu ile haina hata dokezo lao.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikiaji, limeweka daraja kwa desibeli: upungufu mdogo huanzia 20, wa wastani 35, mkubwa 65, na kuendelea hadi 95 na zaidi, ambapo mtu amepoteza usikiaji wote. Daraja hizi zinaweza kupewa majina ya Kiswahili bila taabu. Ninapendekeza neno uziwi liwe ndilo shina, nasi tuseme uziwi mdogo, uziwi wa wastani, uziwi mkubwa na uziwi kamili. Na lile wazo la usikivu hafifu tuliache. Wapo watakaosema kwamba mhasibu wetu hatapenda kuambiwa ana uziwi mdogo. Yamkini hatapenda. Lakini mtu huambiwa ana homa ndogo wala hafichi uso.

Daraja za desibeli hazitoshi, hata hivyo. Mwajiri anahitaji kujua pia uziwi ulianza lini, na hili Korogwe inatufundisha vizuri kuliko kitabu. Tangu mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mashamba ya Mkoa wa Tanga yamekuwa na msamiati wake. Mashine ya kusagia majani ya mkonge ili kutoa singa huitwa korona. Na wazee wa mashambani walishangaa kidogo mwaka 2020 walipoambiwa kwamba korona ni maradhi. Mashine hiyo ina ngurumo kubwa, na chumba cha brashi nacho kina yake. Mtu aliyefanya kazi hapo miaka mingi bila kinga ya masikio anaweza kuondoka akiwa na uziwi mkubwa. Naye huyo ana Kiswahili kamili, anasoma, anaandika, na mara nyingi anatamka kama zamani. Lugha ya Alama haijui hata kidogo. Ukimletea mkalimani umemletea mgeni. Anahitaji maagizo ya kazi yaandikwe, na anahitaji fidia ya maumivu yaliyompata kazini. Lakini katika fomu zetu yeye na kijana aliyezaliwa kiziwi ni kitu kimoja. Hapana budi pawe na istilahi mbili: uziwi wa utotoni na uziwi wa ukubwani. Ni maneno ya kawaida, na kwa hiyo yatashika.

Tumeitaja Lugha ya Alama mara kadhaa, nayo inadai uhakiki wake. Tanzania imezoea kusema alama, na Kenya imezoea kusema ishara. Kila neno lina dosari. Alama ni pia maksi za mtihani, na doa, na kibao cha barabarani. Ishara ni pia kukonyeza jicho. Mimi naona tusipoteze wino hapa. Kenya imeitambua lugha yake katika Katiba ya mwaka 2010, hata ikaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na jina halikuwazuia. Upungufu ulio mkubwa zaidi ni wa kitenzi. Mtu anayetumia lugha hii anafanya nini? Tunasema "anaongea kwa alama", "anatumia alama", "anaashiria". Hili la mwisho ni baya, kwa sababu kuashiria ni kudokeza tu. Ningependelea tuseme anasema, bila nyongeza, kama tusemavyo kwamba Mfaransa anasema Kifaransa.

Lakini swali la jina na la kitenzi ni dogo mbele ya lile la msamiati wenyewe. Mtoto kiziwi wa Handeni aliyebahatika kupata shule alipelekwa mbali: Mwanga, au Buguruni iliyofunguliwa mwaka 1974, au Tabora. Kila shule ilikuza alama zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa Henry Muzale aliyetoa kamusi ya lugha hiyo mwaka 2004, wamefanya kazi ya thamani ya kuzikusanya. Kamusi ya jumla, hata hivyo, haiwezi kukidhi haja ya karakana. Fikiri mafundi wawili viziwi waliokutana Korogwe, mmoja wa Tabora na mwingine wa Buguruni, na kati yao patasi, randa, timazi, pimamaji na gundi. Vifaa hivyo unaweza kuvionyesha kwa kidole vikiwa mezani. Lakini "unyevu wa mbao", "kipimo cha robo inchi", "malipo ya awali", "likizo ya ugonjwa" havikai mezani. Bila alama zilizokubaliwa, mafundi huandika herufi moja moja kwa vidole, na neno refu huchosha mkono na macho. Siku ya mtihani wa ufundi mkalimani hulazimika kubuni alama papo hapo, na mtahiniwa hulazimika kubahatisha. Akishindwa, cheti kinasema kwamba hakujua useremala.

Baraza letu liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu hapo limesanifu maelfu ya istilahi za fani mbalimbali. Sijaona kwamba tumewahi kujiuliza kiziwi atazipataje. Sisemi Baraza la Kiswahili lijitwalie mamlaka juu ya Lugha ya Alama, kwani hiyo si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake, na wenyewe ndio wenye kauli. Nasema kwamba orodha ya istilahi za useremala, ushonaji au kilimo inapokamilika mezani petu, nakala yake ya kwanza iende CHAVITA, ili mafundi viziwi wakae pamoja na kukubaliana alama zake.

Jambo hili lina haraka, kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na kazi ya kutafsiri imo mikononi mwa watu. Neno litakaloingia katika tafsiri ya sheria ya ajira halitatoka kwa urahisi. Nitoe mfano mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unamtaka mwajiri abadilishe mazingira ya kazi kwa kadiri inavyofaa ili mtu aweze kuifanya. Neno la Kiingereza lililotumika hapo ndilo lile lile ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa malazi. Mtafsiri mvivu atatuandikia "malazi yafaayo", na mwajiri atauliza kwa nini atoe kitanda. Nashauri tuseme marekebisho ya kazi, na kwa ukamilifu marekebisho mwafaka ya kazi. Kisha mifano itolewe katika kanuni: taa inayowaka pamoja na king'ora cha zamu, maagizo ubaoni, nyapara anayegusa bega mahali pa kuita kwa mluzi. Gharama yake ni ndogo sana, na hili waajiri hawalijui kwa sababu hatujawapa neno linalolieleza.

Wengi wa viziwi wa wilaya hizi, hata hivyo, hawataajiriwa na mtu. Watajiajiri, kwa cherehani, kwa jembe, au kwa kuuza matunda pale mabasi yasimamapo Korogwe, ambako kidole kilichoinuliwa kinatosha kutaja bei. Kwao sheria ya mwaka 2018 ilitenga asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba lazima kiwe na katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi, vyote kwa Kiswahili cha maandishi. Kwa kiziwi wa utotoni Kiswahili hicho ni lugha ya pili, aliyojifunza kwa macho bila kuisikia hata siku moja. Makosa yake ya viambishi si ujinga, kama vile makosa yetu ya Kifaransa si ujinga. Ofisa anayelirudisha andiko kwa sababu ya sarufi anapima kitu kisichohusu mbuzi wala cherehani.

Namrudia yule karani. Nafasi aliyokuwa nayo katika fomu ilikuwa mstari mmoja. Nimejaribu kuona kama maneno ninayoyapendekeza yanaenea humo, nikaandika: "Kiziwi wa utotoni, uziwi kamili, anasema Lugha ya Alama, seremala." Yanaenea, na baada ya nukta inabaki nafasi ya sahihi.